Malenga wa Alhambra na Deni la Mwalimu Wake

Mji wa Granada uko kusini mwa Uhispania, chini ya milima ya Sierra Nevada ambayo vilele vyake hubaki na theluji kwa miezi mingi ya mwaka. Juu ya kilima kimoja cha mji huo limesimama kasri ambalo Waislamu wa Andalusi waliliita Al-Hamra, yaani Nyekundu, na Wazungu wakaliita Alhambra. Kila mwaka zaidi ya watu milioni mbili hupanda kilima hicho. Wengi wao hutazama, wakapiga picha, wakashuka. Kuta zimejaa maandishi ya Kiarabu, lakini kwao maandishi hayo ni nakshi tu, sawa na maua na nyota zilizochongwa kando yake.

Mtu wa pwani aliyepitia chuoni, akakaa mkekani na juzuu mapajani, ana bahati asiyokuwa nayo mtalii huyo. Akisimama kwa utulivu mbele ya ukuta, jicho likazoea mikunjo ya hati, ataanza kusoma. Kwanza atakutana na maneno yaliyorudiwa kuliko yote mengine, ya kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya nembo ya ukoo wa Banu Nasr, waliotawala Granada tangu karne ya 13 hadi mwaka wa 1492. Kisha ataona dua, majina ya masultani na aya za Qur'ani. Halafu, hapa na pale, ataona mashairi. Mashairi ni sehemu ndogo ya maandishi yote, lakini ndiyo yaliyolifanya kasri hilo kuwa diwani ambayo kurasa zake ni chokaa na marumaru.

Mengi ya mashairi yaliyobaki katika kuta hizo ni ya mtu mmoja, Abu Abdillah Muhammad ibn Yusuf, anayejulikana kwa jina la Ibn Zamrak. Kila msomaji wa fasihi ya Andalusi humjua. Lakini maisha yake hayakuandikwa ukutani, na ni maisha yenye mazingatio mazito kwa kila ashikaye kalamu na kwa kila aliyepata kufundishwa na mwalimu.

MTOTO WA MHUNZI

Ng'ambo ya pili ya mto mdogo wa Darro, mkabala wa kasri, pana mtaa wa kale uitwao Albaicín. Vichochoro vyake ni vyembamba na vya kupanda na kushuka, na nyumba zake zimeficha nyua zao ndani ya kuta nyeupe. Mtu wa Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa hatajiona mgeni sana huko. Katika mtaa huo ndipo alipozaliwa Ibn Zamrak, mwezi wa Shawwal mwaka wa 733 wa Hijra, sawa na Juni 1333. Watu wake walikuwa wamehamia Granada kutoka mashariki ya Andalusi. Hawakuwa na mali wala cheo, na wasimulizi wengi wanasema kwamba baba yake alikuwa mhunzi.

Basi kijana huyo hakuwa na ngazi ya kupandia isipokuwa elimu. Alipokuwa na umri wa miaka 16, katika mwaka wa 1349, Sultani Yusuf wa Kwanza alianzisha madrasa kubwa katikati ya mji, karibu na msikiti mkuu. Granada wakati huo ulikuwa ufalme wa mwisho wa Kiislamu uliosalia katika Andalusi. Córdoba na Seville zilikuwa zimekwisha kuanguka mikononi mwa Wakristo miaka 100 nyuma. Wanazuoni wengi waliokimbia miji hiyo walikuja Granada na vitabu vyao, na kijana mwenye akili hakukosa mtu wa kumfunza sarufi, fikihi, hadithi na ushairi.

Kati ya walimu wote wa Ibn Zamrak, mmoja ndiye aliyemwinua. Huyo ni Lisan al-Din Ibn al-Khatib, aliyezaliwa Loja mwaka wa 1313. Alikuwa waziri, mwanahistoria, mshairi na tabibu. Tauni ilipoziangamiza nchi nyingi mwaka wa 1348, yeye aliandika kwamba maradhi yale yanaambukiza, na akatoa ushahidi wa macho: mtu aliyemkaribia mgonjwa au kuvaa nguo zake aliugua, na aliyejitenga alisalimika. Inasemekana kwamba alikuwa hapati usingizi usiku, akautumia usiku huo kuandika, ndiyo maana watu wakamwita mwenye maisha mawili. Mtu huyu aliiona akili ya mtoto wa mhunzi, akamfunza, akamtafutia kazi katika afisi ya makatibu wa Sultani. Katika kitabu chake kikubwa juu ya historia ya Granada, alimwandika mwanafunzi wake kwa sifa njema.

UHAMISHONI

Siku ya Idi ya Mfunguo Mosi, Oktoba 1354, Sultani Yusuf aliuawa msikitini akiwa katika sala. Mwanawe, kijana wa miaka 15, akatawazwa kwa jina la Muhammad wa Tano. Hakudumu sana. Usiku mmoja wa Ramadhani, Agosti 1359, watu wapata 100 walipanda kuta za Alhambra kwa ngazi, wakamuua waziri mkuu na kumtawaza nduguye wa baba mmoja.

Sultani kijana aliponea bustanini. Usiku ule hakuwa ndani ya kasri. Alikuwa katika bustani ya Generalife, iliyo juu kidogo ya Alhambra, mahali ambapo masultani walikwenda kupumzika. Aliposikia kelele na ngoma, alipanda farasi, akakimbilia mji wa Guadix, na baadaye akavuka bahari hadi Fez, kwa Sultani wa Moroko.

Mgeni aendaye Granada leo asikose kuingia Generalife. Ndani yake mna uwanja mrefu wenye mfereji wa maji katikati na vitalu vya maua pande zote mbili. Maji hayo huletwa na mfereji mkuu unaochotwa mtoni Darro, kilomita kadhaa juu ya kilima, kazi iliyofanywa na mafundi wa masultani wa kwanza wa ukoo huo. Mwaka wa 1958 moto ulizuka ukaunguza sehemu ya majengo, na wataalamu walipochimba walikuta vitalu vya bustani ya asili chini ya udongo. Ua zuri kama hilo humfanya mtu asahau kwamba kiti cha enzi kiliwahi kupotea pale katika usiku mmoja.

Ibn Zamrak alimfuata Sultani wake uhamishoni. Ibn al-Khatib naye, baada ya kufungwa na kunyang'anywa mali, alifunguliwa kwa maombezi ya Sultani wa Moroko, akavuka. Mwalimu na mwanafunzi wakawa wageni katika mji mmoja. Huko Fez walijuana pia na Ibn Khaldun, mwanahistoria ambaye jina lake bado latajwa duniani kote. Mwaka wa 1362 Muhammad wa Tano alirudi Granada akakitwaa tena kiti chake. Ibn al-Khatib alirudi kuwa waziri mkuu. Ibn Zamrak, aliyevumilia taabu za ugenini pamoja na bwana wake, alifanywa katibu wake wa siri na mshairi wake.

KASRI LENYE KUSEMA

Utawala wa pili wa Muhammad wa Tano, kuanzia 1362 hadi 1391, ndio uliojenga yale ambayo watalii huyafuata. Katika miaka hiyo ulijengwa Uwanja wa Simba, wenye nguzo nyembamba za marumaru kama msitu wa minazi michanga, na katikati yake birika la pande 12 lililobebwa na simba 12 wa mawe. Kuuzunguka mdomo wa birika hilo zimechongwa beti 12 za Ibn Zamrak, zenye kusifu ufundi wa maji na ukarimu wa Sultani. Simba hao walipelekwa kutengenezwa katika miaka ya 2000, na uwanja ukafunguliwa tena kamili mwaka wa 2012.

Kando ya uwanja huo kuna chumba kiitwacho Ukumbi wa Dada Wawili. Juu ya vigae vya rangi, beti 24 zinauzunguka ukuta mzima. Zimechukuliwa kutoka kasida ya beti 146 aliyoitunga Ibn Zamrak kwa sherehe ya jando la mwana wa Sultani. Ukiinua macho utaona kuba iliyotengenezwa kwa zaidi ya vipande 5,000 vya plasta, vikining'inia kama masega ya nyuki. Mtunzi alikijua chumba na chumba kilimjua mtunzi, kwani beti zimepangwa kuufuata mzunguko wa ukuta, na msomaji hulazimika kutembea ili amalize kasida.

Jambo moja katika mashairi hayo litampendeza kila mwenye kuonja utamu wa tungo. Mengi yametungwa kana kwamba jengo lenyewe lasema. Chumba chajisifu, dirisha lajitambulisha. Hata vile vidaka vidogo vya mlangoni, mfano wa zidaka za nyumba zetu za kale, ambamo uliwekwa mtungi wa maji ya kunywa, vina beti zao. Mtindo huo haukuanzwa na Ibn Zamrak. Aliurithi kwa Ibn al-Khatib, naye Ibn al-Khatib aliurithi kwa mwalimu wake, Ibn al-Jayyab, aliyefariki mwaka wa 1349, na ambaye beti zake zimo Generalife. Ni silsila ya walimu watatu, kila mmoja amempokeza mwenzake kalamu.

Katika silsila hiyo, beti za Ibn al-Khatib zilizosalia ukutani ni chache mno zikilinganishwa na za mwanafunzi wake. Sababu tutaiona.

MWALIMU AKIMBIA

Waziri mkuu ana maadui wengi, na waziri mwenye kalamu kali huwa nao zaidi. Ibn al-Khatib aliona hali inabadilika. Kadhi mkuu hakumpenda, na mwanafunzi wake mwenyewe alikuwa akinong'ona sikioni mwa Sultani. Mwaka wa 1371 aliaga kwamba anakwenda kukagua ngome za magharibi, na alipofika Gibraltar akavuka bahari, akaomba hifadhi kwa Sultani wa Moroko. Granada ikamhesabu kuwa ni haini.

Nafasi yake ya uwaziri alipewa Ibn Zamrak. Mtoto wa mhunzi wa Albaicín akawa mtu wa pili katika dola. Huko ugenini, Ibn al-Khatib alipoandika tena juu ya mwanafunzi wake, zile sifa za zamani zilikuwa zimegeuka kuwa maneno machungu.

Lau mambo yangeishia hapo, tungesema ni siasa, na kwamba makasri yote ya dunia yameona waziri akipokonywa nafasi na mtu wake. Lakini hayakuishia hapo. Kadhi wa Granada alimshitaki Ibn al-Khatib kwa uzandiki, kwa maneno yaliyotafutwa ndani ya kitabu chake juu ya mapenzi ya kumpenda Mungu. Vitabu vyake vikachomwa moto hadharani katika mji ule ule alioandika historia yake.

Maadamu Sultani wa Moroko aliyempa hifadhi alikuwa hai, hakuna aliyeweza kumgusa. Sultani huyo alikufa mwaka wa 1372. Miaka miwili baadaye akaja mtawala mwingine, aliyepata ufalme kwa msaada wa Granada, na malipo ya msaada huo yalikuwa ni kichwa cha Ibn al-Khatib. Alikamatwa. Kutoka Granada ukapelekwa ujumbe wa kuhudhuria kesi yake, na mkuu wa ujumbe huo alikuwa Ibn Zamrak.

Mwalimu aliletwa mbele ya baraza, akahojiwa juu ya maneno ya kitabu chake, akateswa mbele ya watu. Mwanafunzi alikuwepo. Ibn Khaldun, rafiki wa siku nyingi, alijaribu kutafuta watu wa kumwombea, asifanikiwe. Baraza halikupata hata kukubaliana juu ya hukumu. Usiku watu walitumwa gerezani wakamnyonga. Alizikwa nje ya lango la mji, na kesho yake watu wakakuta amefukuliwa, kuni zimerundikwa juu yake na mwili umeunguzwa. Akarudishwa kaburini. Alikuwa na umri wa miaka 61. Inasimuliwa kwamba gerezani, akingoja kifo, alitunga beti za kujililia mwenyewe.

Ndugu msomaji, katika desturi zetu mwalimu ni mzazi. Mtoto wa chuoni akipita mbele ya maalimu wake, hata awe mtu mzima mwenye ndevu, huinamisha kichwa akampa mkono. Ndiyo maana habari hii humchoma asomaye, hata baada ya miaka zaidi ya 600.

ZAMU YAKE

Ibn Zamrak alirudi Granada, akaendelea kuwa waziri na mshairi. Baadaye aliandika kwa fahari kwamba alimtumikia Sultani wake miaka 37, mitatu ugenini na 34 Granada, na kwamba alimtungia kasida 66 kwa sikukuu 66. Maulidi, Idi, jando, ushindi vitani, kila jambo lilipata shairi lake. Mengi ya hayo yakachongwa ukutani.

Mwaka wa 1391 Muhammad wa Tano alifariki. Mwanawe, Yusuf wa Pili, alimtia Ibn Zamrak gerezani katika ngome ya Almería, akakaa humo karibu miaka miwili. Akafunguliwa, akarudishwa kazini. Yusuf akafa mwaka wa 1392, na mwanawe Muhammad wa Saba akatawala. Ibn Zamrak akaondolewa, akarudishwa tena, lakini kiti kilikuwa kimelegea.

Katika mwaka wa 1393, usiku, watu waliotumwa na Sultani waliingia nyumbani kwake. Walimkuta na msahafu mkononi. Wakamuua mbele ya wanawake wa nyumba yake, pamoja na wanawe waliokuwamo. Alikuwa na umri wa miaka 60. Mwalimu alikufa kwa amri ya wakubwa, usiku, bila hukumu, na mwanafunzi akafa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba Ibn al-Khatib alikufa peke yake.

Katika mambo ya Mungu yasiyotabirika, diwani ya Ibn Zamrak iliokolewa na jamaa ya muuaji wake. Muhammad wa Saba alimfunga nduguye wa damu katika ngome ya Salobreña kwa miaka mingi. Ndugu huyo alipotoka kifungoni mwaka wa 1408 akawa Sultani Yusuf wa Tatu. Yeye mwenyewe alikuwa mshairi, na ndiye aliyeyakusanya mashairi ya waziri aliyeuawa, yasipotee. Mkusanyo huo ulichapishwa mwaka wa 1997, kutokana na nakala moja tu ya mkono. Ama Ibn al-Khatib, aliyechomewa vitabu na mwili, alipata mtetezi katika karne ya 17, pale mwanazuoni al-Maqqari alipoandika kitabu kizima kikubwa kuhusu Andalusi kwa ajili ya kumkumbuka yeye.

MAHALI PALIPOSALIA

Tarehe 2 Januari 1492 Granada ilikabidhiwa kwa wafalme wa Kikristo. Miaka michache baadaye vitabu vya Kiarabu vilichomwa moto katika uwanja wa Bib-Rambla. Kati ya 1609 na 1614 wajukuu wa Waislamu wa Uhispania, ambao walikuwa wamekwisha kubatizwa kwa nguvu, walifukuzwa nchini. Kuta za Alhambra zilisalia na maneno yake, kwani wenyeji wapya walilipenda kasri hilo hata wakakaa ndani yake.

Mwenye kupenda kuufuata mji wa Ibn Zamrak asiridhike na Uwanja wa Simba peke yake. Ndani ya jumba kubwa la Karolo wa Tano, lililoanza kujengwa kando ya kasri mwaka wa 1527, mna makumbusho madogo ambayo wengi huyapita bila kuyaingia. Humo limo jagi mashuhuri la swala, la karne ya 14, refu kama mtoto wa miaka tisa, na bamba la mawe la maristani, yaani hospitali, aliyoijenga Muhammad wa Tano kati ya 1365 na 1367. Mjini chini, madrasa ya Yusuf wa Kwanza bado ipo mikononi mwa chuo kikuu, na chumba chake cha sala chenye mihirabu kinaonekana. Kando ya mto Darro kuna hamamu ya kale yenye matundu ya nyota darini. Juu ya Albaicín kuna Dar al-Horra, jumba la mamake Sultani wa mwisho. Na katika mtaa huo huo, mwaka wa 2003, ulifunguliwa msikiti mpya, na ukiwa katika bustani yake unaitazama Alhambra uso kwa uso.

Ukiingia Ukumbi wa Dada Wawili, soma zile beti 24 na uzistahi, maana ni tungo bora. Mimi sioni sababu ya kulikataa shairi zuri kwa ajili ya aibu ya aliyelitunga. Wala sioni sababu ya kumtakasa mtunzi kwa kuwa shairi lake ni zuri. Kisha nenda kwenye mlango wa Ukumbi wa Mabalozi, uvitazame vile vidaka viwili vidogo ambavyo wataalamu wanasema beti zake ni za Ibn al-Khatib. Ni maneno machache, na watu huyapita wakikimbilia ndani. Simama hapo, uwasomee Fatiha wote wawili, uanze na mwalimu.